Nyonga Mbili Juu ya Jamvi

Zamani hizo za kale na kale, wanangu, ng'ombe walipokuwa na nyumba zao na milango yao, Bonde la Majani lilitawaliwa na fahali mmoja aitwaye Jabali. Ukoo wake wote walikuwa warefu, na kujisifu ndiyo kazi yao. Langoni alisimamisha mti wenye alama. Sheria ilikuwa moja: ng'ombe anapimwa nyonga. Asiyefika alama, aende zake kilimani.

Mama Tunu hakufika. Alikuwa ng'ombe wa nundu, mfupi kama mama yake na bibi yake. Marehemu mumewe, lakini, alikuwa ndugu yake Jabali, na walijaliwa binti chotara, Zawena. Siku Zawena alipozaliwa, Jabali alimtupia jicho mara moja tu.

"Mtoto wa mfupi ni mfupi! Huyu hata kumpima sihangaiki."

Mama na mwana wakaishi kilimani miaka mitano.

Mwaka huo kisima cha kilimani kikakauka, kau! Zawena alikuwa na mimba pevu. Mama Tunu akalia bila kujificha.

"Shangazi, kulikoni?" akauliza Nguchiro, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapaka ng'ombe majivu ya kufukuza kupe.

"Mjukuu wangu atafia tumboni, mwanangu. Maji yako bondeni tu, na lile lango halifunguki."

Nguchiro akamzunguka Zawena, akamkagua nyonga, akapiga mluzi. Fyuu!

"Jabali alimwona lini mara ya mwisho?"

"Siku aliyozaliwa."

"Basi futa machozi. Kesho ni siku ya majivu."

Asubuhi Nguchiro akamwendea fahali. "Bwana Mkubwa, huko nje wanakusema! Eti unatazama sura kwanza, kupima baadaye."

"Mimi? Mooo! Nani huyo?"

"Wazibe midomo. Nitatundika jamvi langoni, nyuma yake niweke ng'ombe wawili, wamepakwa majivu, vichwa wameinamia pumba. Utaona nyonga tu. Umtaje wa damu yako."

"Lete! Damu yangu naijua hata nikiwa nimelala. Nitakayemtaja ataingia yeye na nyumba yake yote, na sirudi nyuma!"

Ng'ombe wote wakasikia. Mama Tunu akajibanza kando ya ua, akachungulia.

Nyonga mbili za kijivu zikatokeza juu ya jamvi. Jabali akasogeza mti wake. Ya kulia ikagusa alama barabara. Ya kushoto ikapungua vidole vitatu.

"Wa kulia!" akanguruma. "Huyo ni wetu. Huyu wa kushoto katoka kilimani, arudi huko huko!"

Puu! Nguchiro akaangusha jamvi.

Wa kulia akainua kichwa. Alikuwa Zawena. Wa kushoto naye akageuka, pumba zimemjaa puani, machozi yanamlengalenga.

"Baba," akasema Shani, binti wa Jabali wa kumzaa, "niende kilimani?"

Jabali akapiga kwato chini, pu!

"Ha-haiwezekani! Shani ana miaka mitatu tu, hajamaliza kukua! Akitimiza mitano atampita huyu chotara!"

"Atampita, nani kabisha?" akasema Nguchiro taratibu. "Zawena kamzidi mama yake, wala hajamfikia marehemu baba yake, kasimama katikati, tena kaelekea kwa baba kidogo. Ila kiu yake ni ya leo. Na wewe umeshatamka."

Jabali akatazama watu wake. Akamtazama Shani. Kisha akasogea, akaliachia lango.

Zawena akapita, akaenda moja kwa moja majini. Mama Tunu akafuata, na ufupi wake wote, polepole, na alipofika usawa wa ule mti wa alama akajikuna nao mgongo. Kha, kha, kha. Ukaanguka.

Basi wanangu, ukitaka kujua kimo cha mtu, mpime mwenyewe, usimpimie kwa mama yake.