Mnara wa Mwisho

Mfinyanzi hufinyanga vyungu vya kila nyumba, vikanunuliwa na kusifiwa, lakini saa ya kula ikifika yeye mwenyewe hupakua chakula chake katika gae, kile kipande cha chungu kilichovunjika. Wahenga hawakuyasema haya kwa kumcheka. Walimwonea huruma, na ni kwa huruma hiyo hiyo ninamsimulia mhandisi mmoja wa mawasiliano ambaye hakuwahi kushika udongo wa mfinyanzi maishani mwake.

Alikuwa mrefu na mwembamba, hivyo wenzake kazini wakambatiza jina la Antena. Alizaliwa mlimani, mtoto wa kwanza wa mjane aliyeuza maziwa ili mwanawe asome. Naye hakumwangusha mama yake. Alisoma, akapata cheti juu ya cheti, akaajiriwa na kampuni ya simu mjini. Ofisini kwake kulikuwa na skrini pana iliyoziba ukuta mzima. Kila mnara wa kampuni ulionekana humo kama nukta: kijani ukiwa mzima, nyekundu ukizimika. Kazi ya Antena ilikuwa kuamua kila asubuhi gari la mafundi lianzie wapi.

Watu wa mtaani kwake waliamini kwamba wahandisi wa mawasiliano wote wanaogelea katika fedha. Laiti wangejua! Mshahara wa kazi ile una mambo yake. Vyeti huupandisha, na miaka kazini pia. Kampuni kubwa hulipa kuliko ndogo. Na anayejua kudai hulipwa kuliko anayejua kazi tu. Juu ya hayo yote, katika kampuni ya Antena kulikuwa na bonasi, na bonasi hiyo ilifuata idadi ya wapigaji simu. Kadiri mhandisi alivyowarudishia mtandao watu wengi kwa muda mfupi, ndivyo bonasi yake ilivyonona.

Kanuni ya kuanza na minara yenye watu wengi aliitunga Antena mwenyewe. Zamani mnara uliotangulia kuzimika ndio uliotangulia kutengenezwa. Yeye akasimama mbele ya meneja akauliza, "Mnara wa sokoni una maelfu ya wateja, wa mlimani una watu wa kuhesabu kwa vidole. Kwa nini gari lipande mlima kwanza?" Meneja alifurahi mpaka chai yake ikapoa mezani. Antena akapandishwa cheo, na mshahara ukapanda naye.

Minara ya milimani ilikuwa chini ya mhandisi mwenzake, mama mmoja mcheshi ambaye ofisi nzima ilimwita Shangazi kwa sababu hakuacha kumsema mtu.

"Wewe unalipwa kwa watu, mimi nalipwa kwa matope," alimwambia Antena siku moja, akikung'uta viatu mlangoni. "Vyeti vyetu sawa, tumeanza kazi pamoja, lakini mwisho wa mwezi wewe unacheka, mimi nanuna."

"Si uombe uhamisho uje mjini, Shangazi?"

"Na huko juu nimwachie nani? Mama yako atakupigia kwa filimbi?"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Antena naye alicheka, maana maneno ya Shangazi yalikuwa hayana sumu.

Asidhani mtu kwamba alikuwa na roho mbaya. Bonasi ile alikuwa akiitafuta kwa ajili ya mama yake. Kifua cha mama kilikuwa kikimsumbua kwa baridi ya mlimani, na Antena alikuwa akimjengea vyumba viwili ubavuni mwa nyumba yake mjini, amshushe akae karibu na hospitali. Kuta zilikuwa zimesimama. Paa tu ndilo lililosubiri fedha.

"Shikamoo mama," alimsalimu kwa simu kila Jumapili.

"Marahaba mwanangu. Unakula lakini?"

"Nakula, mama. Kifua kinaendeleaje?"

"Kifua kipo kifuani, kitaenda wapi?"

"Vumilia kidogo. Nikishaezeka tu, nakuja kukuchukua."

"Taratibu, baba. Nikikutaka si nakupigia? Mtandao wenyewe si ni wako?"

Hakuwa akitania. Bombani, wanawake wenzake walipolalamika kwamba simu zinakatika, aliwaambia watulie, kwani mwenye mtandao ni mwanawe na atautengeneza. Walimcheka, lakini walimpenda kwa majivuno yale.

Mwezi mmoja ukiwa ukingoni, mvua kubwa ya upepo ilipiga, na skrini ya Antena ikaiva wekundu. Soko lilikuwa halina mtandao, stendi ya mabasi vivyo hivyo, na mabweni ya chuo pia. Pembeni kabisa, juu, palikuwa na nukta nyekundu moja ambayo Antena aliijua bila kusoma namba yake.

Shangazi aliingia na koti lililolowa. "Mnara wa kwenu umekufa. Betri zimeingia maji. Nipe gari na fundi mmoja, jioni utakuwa umewaka."

Antena aliitazama ile nukta. Gari likipanda mlima, siku hiyo halirudi tena, na mji ungebaki gizani huku mwezi ukiisha. Akaliona paa la mama yake likienda na maji. Tena alikuwa na sababu nyingine, ambayo kwake ilionekana ya kiungwana.

"Nikianza na kwetu, watasema najipendelea," alisema. "Kanuni ni kanuni, Shangazi. Mlimani ni mwisho."

"Kanuni umeitunga wewe."

"Ndiyo maana siwezi kuwa wa kwanza kuivunja."

 Shangazi alifunga vifungo vya koti lake akatoka.

Kesho yake minara mingine ya mjini ilizimika, na ule wa mlimani ukazidi kusukumwa nyuma. Antena alijaribu kumpigia mama yake. Sauti ya kampuni yake mwenyewe ikamjibu kwa adabu kwamba mteja hapatikani. Akabonyeza tena, kama mtu asiyejua sababu.

Siku iliyofuata, mchana, mlinzi alimwita mapokezi. Dada yake mdogo, aliyekuwa akiishi na mama, alikuwa amesimama pale, viatu vimejaa tope, khanga imemning'inia begani. Antena alimwendea mbio.

"Mama?" aliuliza.

Dada alitikisa kichwa. 

"Kifua kilimbana jana asubuhi. Unajua gari la zahanati huja kwa kupigiwa simu. Nikamwambia, mama, mtandao hakuna, acha niwafuate kwa miguu. Akanishika mkono. Akasema, 'Kaa hapa. Kaka yako hawezi kuuacha umezimika. Utarudi sasa hivi.' Nikakaa, kaka. Nikawa naangalia simu, na yeye ananiuliza, 'Umerudi?' Namwambia bado. Anasema, 'Utarudi tu, mwanangu yuko kazini.' Jua lilipofika utosini nikaona midomo inabadilika rangi, nikamwacha na jirani, nikakimbia. Niliporudi na gari..."

Akaishia hapo. Antena alimkumbatia, wakalia wote wawili mbele ya wateja waliokuja kulipia simu. Kisha dada akajifuta uso, akauliza kwa upole, bila kumtuhumu:

"Uliharibika sana, eti? Ule mnara?"

Angeweza kumdanganya. Mvua ilikuwa imenyesha kweli, na dada hakujua lolote kuhusu minara.

"Hapana," alisema. "Ilikuwa kazi ya nusu siku."

Dada alimtazama.  Alikunja khanga yake, akatangulia kutoka.

Siku ya mazishi, kule mlimani, Shangazi hakuonekana miongoni mwa waombolezaji. Alikuwa amechukua gari asubuhi bila kumwomba mtu ruhusa, akapanda nalo mpaka kwenye mnara. Watu walikuwa ndio kwanza wamerudi kutoka makaburini, wameketi uani kimya, pale simu zilipoanza kulia mifukoni, moja baada ya nyingine, ujumbe wa siku zote zile ukiingia kwa mpigo. Watu waliona haya, wakazibana kwa viganja. Ya Antena nayo ililia. Ulikuwa ujumbe wa benki: mshahara umeingia, pamoja na bonasi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Fedha ya paa ilikuwa imetimia, na nyingine kubaki.

"Nani huyo?" dada aliuliza.

"Kampuni. Wamenilipa."

Alisimama kando ya ukuta akaitazama alama ya mtandao kwenye simu yake. Ilikuwa imejaa, safi kabisa, kazi ya mtu anayejua kazi. Kidole chake kikaenda kwenye namba aliyoizoea, kikabonyeza kabla moyo haujakizuia. Mara hii ile sauti ya adabu haikumjibu. Simu iliita. Ilisikika mle ndani, chumbani kwa mama, dirishani, ambako dada alikuwa ameiacha kwenye chaji kwa mazoea. Watu wote uani waliisikia. Iliita na kuita, na hakuna aliyenyanyuka kwenda kuipokea, mpaka ikakatika yenyewe.

Mji mzima siku ile ulikuwa ukizungumza kwa mtandao wa Antena. Wauzaji wa sokoni na wanunuzi wao, watoto wa chuo na mama zao. Yeye peke yake hakuwa na wa kumpokelea simu. Ama kweli, mfinyanzi hulia gaeni.