Majarida Mawili, Shikamoo Moja

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja huko milimani Upareni, mkulima wa tangawizi, aliyekuwa amejiandikisha kwenye majarida mawili ya teknolojia na hana kompyuta. Mnacheka? Chekeni tu, hata fundi simu aliyemuunganisha alicheka. Majarida yenyewe hayakuwa ya karatasi. Yalikuwa barua zinazotumwa kwa imeli kila wiki kwa yeyote aliyejiunga, na ndani yake unaelezwa simu ipi inakaa na chaji, programu gani ni ya matapeli, nywila yako uiwekeje isiibiwe. Sasa mkulima wa tangawizi na mambo hayo, wapi na wapi?

Nitawaambia. Jarida moja lilikuwa la mwanawe.

Kijana huyo aliitwa Mbonea, naye ndiye mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo mlimani kote yule mama hakuwa na jina jingine ila Mama Mbonea. Kijana alisoma, akapata kazi ya ualimu, kisha siku moja akaja nyumbani kuaga. Ameacha kufundisha, anahamia Dar es Salaam, atakuwa anawaandikia watu habari za teknolojia. Mama akamwangalia juu mpaka chini. Akasema, "Kuwaandikia barua watu usiowajua, hiyo nayo ni kazi? Basi usinipigie simu mpaka upate kazi ya kueleweka."

Neno limetoka. Nyinyi wazazi mlioko hapa mnajua, neno likishatoka halirudi mdomoni. Na kijana naye ana damu ya mama yake, kichwa kigumu vilevile. Akabeba begi lake akaondoka. Mwanzoni hakupiga kwa hasira. Baadaye hakupiga kwa kiburi. Na baada ya hapo, ndugu zangu, hakupiga kwa aibu, na aibu ndiyo mbaya kuliko zote, maana ukiilaza siku moja inaamka nzito zaidi. Mwaka ukaisha, mwingine ukaingia.

Na mama je? Namba ya mwanawe alikuwa nayo, aliijua kwa kichwa. Rafiki yake wa kwaya, mama mmoja anayeitwa Nakijwa, alimwambia wazi siku moja walipokuwa wanaosha tangawizi. "Si umpigie wewe? Kubonyeza tu hapo."

"Nimpigie nimwambie nini? Nimwamkie? Toka lini mkubwa akamwamkia mdogo?"

"Haya bwana. Mtakufa na adabu zenu."

Kwetu si mnajua ilivyo. Salamu huanzia kwa mdogo, mkubwa akaipokea. Mama Mbonea alilelewa hivyo, akamlea mwanawe hivyo, na sasa desturi ileile njema ikawa imewafungia mlango wote wawili. Mmoja hawezi kuanza kwa sababu ni mkubwa. Mwingine hawezi kuanza kwa sababu ameona haya. Je, familia za namna hiyo hatunazo humu ndani? Mzee wa pale nyuma, usisinzie, tuko kwako.

Ndipo mama akashuka sokoni kwa fundi simu, akajiunga na jarida la mwanawe kimyakimya. Alikuwa mmoja katika maelfu, Mbonea hana habari. Kila Jumatatu barua ikifika, mama anavaa miwani, anakaa jikoni, anaisoma yote mpaka mwisho. Alikuwa haelewi, na wala kuelewa hakukumsumbua. Alikuwa anamtafuta mtu mle ndani. Mahali Mbonea alipotia utani, mama anatabasamu, anasema, "Huyu ndiye." Mahali alipoandika kwa ukali anasema, "Na hapa amenichukua mimi."

Jumatatu moja barua haikuja. Iliyofuata ikaja, na juu kabisa imeandikwa, "Samahani wasomaji, wiki iliyopita nililazwa, malaria." Hebu fikirini. Mama anapata habari kwamba mtoto wake wa kumzaa amelazwa, anaambiwa pamoja na watu baki, na wakati anaambiwa, mtoto ameshatoka hospitali. Nani alimpa maji ya kunywa? Nani alimfunika? Alilia, wapendwa. Alilia kwa sauti mpaka kuku wakatoka jikoni.

Na jarida hilo la Mbonea lilikuwa na jambo moja lililomchoma kila wiki. Halikuwa na salamu. Linaanza tu, "Wiki hii," kisha moja kwa moja kwenye mambo, mithili ya mtu anayeingia nyumbani kwa watu bila hodi.

Basi ikatokea Mbonea akawasifia wasomaji wake jarida la mwenzake, binti mmoja aliyeitwa Tusajigwe, naye akiandika peke yake kutoka Mbeya. Mama akasema, kama mwanangu amelisifia nami nalitaka, akajiunga na hilo pia. Lo! Hilo lilianza hivi: "Shikamooni wazazi wangu. Vijana, hamjambo? Mmeamkaje huko? Mvua zimewafikia?" Ndipo yaje mambo ya betri. Mama Mbonea alishika kifua. Mtoto wa watu, hata hamjui, anamwamkia kila Ijumaa! Akawa anaieleza simu habari za mvua, za tangawizi iliyooza shambani, za goti lake. Halafu anarudi kufungua la mwanawe, anatazama pale juu ambapo salamu ingekaa, anatazama weee mpaka miwani inaingia ukungu. Alichotamani ni neno moja tu, nalo hata mtoto anayeanza kusema analijua.

Sasa sikilizeni. Siku moja ikaja barua ya aina moja kwenye majarida yote mawili. "Wasomaji wetu, majarida yetu yanaungana na kuwa moja. Mtarajie haya. Barua itakuja kila Jumatano. Huna haja ya kujiunga upya, tutakuhamisha wenyewe. Aliyekuwa akipokea yote mawili atapokea moja tu. Tusajigwe ataandika habari za simu, Mbonea ataandika programu na usalama wenu mtandaoni. Hakuna mtakachopoteza." Na chini yake majina yao wote wawili.

Wasomaji wengine walipitisha macho wakaendelea na shughuli zao. Mama Mbonea alitoka jikoni mbio, goti na yote, akamwita Nakijwa toka ng'ambo ya shamba. "Wanaungana! Yule wa salamu na wa kwangu!"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo salamu sasa itakuwa na jina la mwanangu chini yake! Si ndiyo? Atakuwa ameniamkia!"

Nakijwa akamshika rafiki yake mkono.

Lakini huko mjini mnadhani mambo yalikuwaje? Tusajigwe alikuwa amesafiri kuja Dar es Salaam ili watengeneze pamoja toleo la kwanza, na jambo la kwanza walilogombania ni hilohilo. Mbonea alisema, "Salamu tuzitoe. Watu wana haraka, wanataka mambo."

Tusajigwe akamshangaa. "Kwetu mtu haingii kwa watu akaanza na shida yake."

"Hii si nyumba ya mtu. Ni imeli."

"Na anayeisoma si mtu?"

Mbonea akageukia kompyuta yake. Alijua anachokikwepa. Kila alipojaribu kuandika neno shikamoo, uso uliomjia ulikuwa mmoja, naye akalifuta. Akang'ang'ana, akanuna, mpaka binti wa watu akachoka akasema, basi, yaishe. Salamu zikatolewa.

Jumatano ikafika. Mama Mbonea alikuwa ameoga mapema, amejifunga kitenge cha kanisani. Akavaa miwani. Barua ikaingia, akaifungua, akasoma. "Karibuni kwenye toleo la kwanza la pamoja. Wiki hii:" na mambo yakaanza.

Akapandisha juu, labda amepitiliza. Akashusha mpaka chini, labda wameiweka mwisho. Hamna. Salamu ya mwanawe haipo, na ile ya yule binti, ya kuazima, nayo haipo. Kabla ya kuungana alikuwa na mtoto mmoja wa kumwamkia. Baada ya kuungana hana hata mmoja. Na si waliandika hakuna atakachopoteza?

Aliweka simu chini, akakaa. Alikumbuka neno lake mwenyewe, lile la usinipigie mpaka. Kwa mara ya kwanza alijiuliza swali ambalo alikuwa analizungukia muda wote. Kwani nani alianza? Aliyenyamaza ni nani, na aliyemwambia anyamaze ni nani?

Mwisho wa barua paliandikwa hivi: "Ulitarajia nini kwenye jarida jipya? Tujibu, tunasoma kila jibu." Mama Mbonea, ambaye hajawahi kuandika imeli maishani mwake, akachukua simu, akabonyeza pale, akaandika kwa kidole kimoja. Neno moja. Akatuma kabla hajajuta.

Kule mjini majibu yalimiminika. Tusajigwe akawa anamsomea mwenzake kwa sauti. Huyu anataka picha zaidi. Huyu analalamika Jumatano ni mbaya, turudishe Ijumaa. Huyu anasema maandishi ni madogo, tunamuumiza macho. Kisha akacheka. "Na huyu kaandika 'Marahaba' basi. Kwani sisi tumemwamkia saa ngapi?"

"Atakuwa amekosea," Mbonea akasema bila kuinua kichwa. "Alikuwa anamjibu mtu mwingine. Nani huyo?"

"Anajiita Mama Mbonea."

Kijana akainua kichwa. Akaichukua simu mkononi mwa Tusajigwe, akaangalia anwani, akakuta imebeba jina la kijiji chao. Akaangalia tena lile neno. Marahaba. Mkubwa ameitikia salamu ambayo mdogo hajaitoa. Mama yake, mwanamke wa adabu kupita wote mlimani, amevunja desturi yake mwenyewe, ametangulia kwenda mahali ambapo mwanawe alipaswa kufika, akamngojea hapo.

Mbonea alitoka nje na simu yake. Ile namba hakuhitaji kuitafuta. Ikaita mara moja tu ikapokelewa, na upande wa pili akasikia mtu anapumua. Alikuwa na maneno mengi. Alitaka kueleza, alitaka kujitetea, alitaka kuomba radhi kwa mpangilio. Likatoka lile moja tu, tena kwa kilio.

"Mama, shikamoo."

"Nilishaitikia, mwanangu," mama akasema. "Nilishaitikia. Haya, niambie, umekula?"

Sasa, wapendwa, tuongee sisi kwa sisi. Mmejua ninakoelekea, naona wengine mmeshainama.

Mfano huu unachechemea mguu mmoja, nami nakiri. Yule mama alikuwa na kosa lake, alitamka neno baya. Baba yetu wa mbinguni hana kosa, hakutufukuza. Tuliondoka wenyewe. Tukaenda tukafanya mambo yetu, tukawaandikia watu, tukahubiri, tukaimba, tukatoa ushauri, na Yeye amesoma yote mpaka mwisho. Amefuatilia maisha yetu wiki kwa wiki, amelia tulipolazwa, na pale juu ya kila barua yetu ameangalia kama kuna neno lake. Hola, hamna kitu. Sisi ni "Wiki hii," halafu mambo. Bwana nipe, Bwana fanya, Bwana harakisha. Ni lini mara ya mwisho ulipiga magoti ukamsalimia tu Mungu wako, bila haja mkononi?

Na kuna mwingine humu ambaye hata kuomba ameacha. Namjua. Alianza kwa hasira, ikawa kiburi, sasa ni aibu. Anasema, mchungaji, imepita miaka, leo nitaanzaje? Tunatangaziana sana mambo ya kutarajia. Ukiokoka utarajie hiki, ukija kwenye semina utarajie kile. Ndugu yangu, mimi leo nakutangazia moja tu la kutarajia. Utaenda pale kwa woga, umejiandaa kujieleza, umepanga maneno ya toba kwa mstari. Utafungua mdomo, litatoka neno moja la kuvunjika. Na utakuta hakuna kesi inayokungoja. Jibu lilishatumwa siku nyingi, ulikuwa hujafungua tu.

Kwa hiyo leo hatutaanza na maombi ya mahitaji. Mahitaji yatasubiri. Tuinamishe vichwa, kila mtu mahali alipo, tumwamkie Baba. Na ukimaliza, wewe mwenye mama hai na hamwongei, toka nje upige simu. Ibada itakusubiri.