Bawabu wa Usingizi wa Sultani

Hapo zamani, wakati masultani walipokuwa wengi kuliko miji ya kutawala, palikuwa na Sultani Muhyidini wa mji wa Jandawe. Sultani huyu alikonda, macho yakamwingia ndani, na kila alilolinena alilinena kwa ukali. Wakaitwa matabibu, wakampa dawa za kunywa na za kufukiza, asipate nafuu. Hata akaja tabibu mmoja mgeni, akaketi barazani kutwa nzima, hamgusi mgonjwa wala hamsemeshi, anatazama tu. Jioni akanena:

"Ee bwana wetu, wewe huna maradhi. Unaamshwa mno. Kila ulalapo huja mtu na neno lake, na neno lenyewe hujibiwa kwa ndiyo au siyo. Lakini ili ulijibu, sharti uinuliwe, unawishwe, uvikwe joho, ufungwe kilemba, upigiwe siwa, ile pembe ya enzi, uketishwe kitini. Kisha unasema 'siyo,' nawe unavuliwa vyote. Kujibu hakukumalizi nguvu, bwana. Kuamka ndiko kunakokumaliza."

Sultani akapendezwa na maneno yale, ikapigwa mbiu mjini: atakayemwamsha Sultani kwa jambo, kichwa chake ni halali ya upanga. Na jambo lolote likipitwa na wakati wake kwa sababu Sultani amelala, kichwa cha bawabu wa chumba chake ni halali ya upanga vilevile.

Basi bawabu wa kwanza akamwamsha Sultani kwa habari ya mjumbe wa nchi jirani, akatiwa gerezani kungoja upanga. Wa pili, kwa kuyaona yaliyompata mwenziwe, akamwacha Sultani alale. Mjumbe mwingine akangoja hata akaondoka kwa hasira pamoja na zawadi alizozileta, naye bawabu akatiwa gerezani. Wa tatu hakupatikana.

Na palikuwa na fukara mmoja, jina lake Shekue, hana shamba wala kazi, ana ulimi tu. Waziri Mansabu alikuwa na kinyongo naye. Siku moja waziri alipita sokoni, askari wakimtangulia na kupiga kelele, "Pisheni! Pisheni!" Shekue akamwuliza muuza samaki, "Mbona huyu ana haraka, naye hana kazi?" Soko zima likacheka, na kicheko kile waziri hakukisahau. Akaenda kwa Sultani, akasema, "Bwana, bawabu nimempata."

Shekue akaletwa, akasujudu, akasomewa amri. Akauliza, "Bwana wetu, nisikuamshe kwa jambo?"

"Kwa jambo lolote," akasema Sultani.

"Na kila jambo lifike kwa wakati wake?"

"Kwa wakati wake. Umesikia, au masikio nayo ni fukara?"

"Nimesikia, bwana. Nimeshika neno kwa neno."

Asubuhi ya kwanza ya kazi yake, Sultani alikuwa ndiyo kwanza usingizi unamnyemelea, mara mfua shaba mmoja aitwaye Mshamu akaanza kugonga sufuria nyuma ya ukuta wa jumba. Sultani akaruka kitandani, akapiga ukelele, "Mkamateni! Ikiadhiniwa adhuhuri akatwe kichwa, isipokuwa niseme vingine!" Akajifunika shuka, akalala.

Haukupita muda akaja mkuu wa mazizi. "Niamshie Sultani, sasa hivi. Farasi amezaa, na mtoto hana jina."

"Akingoja kidogo, kutaharibika nini?" akauliza Shekue.

Mkuu wa mazizi akafikiri. "Hakutaharibika kitu."

"Basi keti hapa. Mtoto wa farasi mwenyewe hajalalamika."

Akaja mpishi naye, mbio, jasho linamtoka. "Nataka kujua, mbuzi wa leo usiku apikwe kwa nazi au achomwe?"

"Yu hai?"

"Yu hai, anakula majani."

"Basi yeye ndiye angependa tuchelewe. Keti."

Akafika waziri mwenyewe, ameshika hati. "Mimi sikai na wapishi. Nataka muhuri, sasa hivi. Mpwa wangu anafanywa msimamizi wa kisima cha Magharibi."

"Kisima kina maji, bwana waziri?"

"Kilikauka mwaka juzi. Hilo lakuhusu nini?"

"Hakuna, bwana. Nilidhani labda maji yanamwagika. Mlango huu hapa, nawe ukitaka kumwamsha mwenyewe, mimi sikuzuii."

Waziri akautazama mlango, akaukumbuka upanga, akaketi na wapishi.

Hata jua lilipopanda, akaja mwanamke analia, kanga imemwanguka begani. Alikuwa Mwanakheri, mke wa Mshamu. Akasema, "Kaka yangu, mume wangu anakufa adhuhuri. Mwamshe Sultani aseme neno."

Shekue hakufanya mzaha. Akauliza kwa upole, "Ikipita adhuhuri, dada, kutaharibika nini?"

"Shingo," akajibu yule mwanamke, akaketi chini.

"Hilo basi ndilo jambo lenye saa yake, wala halisogei hata unywele. Haya mengine yataliegemea. Yaliyokuja mapema yataningoja, na yaliyo ya jioni nitayavuta mbele. Kabla ya adhana ataamka mara moja, nayo yataingia yote pamoja."

"Usije ukasahau, kaka."

"Nisahau nini? Kichwa chake kikianguka, changu kinafuata."

Waziri alikuwa anasikiliza, akaelewa, na moyo wake ukafurahi. Maana amri ilikataza kumwamsha Sultani kwa jambo, haikukataza kumwamsha kwa mambo mengi pamoja. Akawageukia wenziwe kwa sauti ya amri: "Mkuu wa mazizi, mwite huyo mtoto jina lolote, nenda zako. Mpishi, choma mbuzi." Nao wakaondoka. Kisha akaichana hati ya mpwa wake vipande vipande mbele ya Shekue.

"Sasa umebaki na jambo moja," akasema. "Mwamshe, ufe. Mwache alale, mfua shaba afe, nawe umfuate."

Mwanakheri akamtazama Shekue. Kivuli cha nguzo kilikuwa kimebaki kidogo mno, na muadhini alionekana anapanda mnara. Shekue akamgeukia waziri. Kisha akauliza, "Nawe bwana waziri, mbona huendi, nawe huna haja tena?"

"Siendi! Nangoja Sultani aamke, nikushitaki kwa kunikalisha na wapishi!"

"Kunishitaki, hilo ni jambo?"

"Ni jambo, tena kubwa!"

"Alhamdulillahi," akasema Shekue. "Yamekuwa mawili." Akausukuma mlango, akaita, "Ee bwana wetu, amka!"

Sultani akainuliwa, akanawishwa, akavikwa, siwa ikalia. Nao wote wakastaajabu, kwa kuwa alikuwa akitabasamu. Hakuwahi kulala asubuhi yote tangu atawazwe. Mwanakheri akaanguka miguuni pake, akaeleza. Sultani akauliza, "Mshamu alikosa nini?"

"Aligonga shaba, bwana."

"Na mfua shaba afanyeje, aibembeleze? Mfungueni!" Askari akatoka mbio, akamkuta Mshamu amekwisha pigishwa magoti, na adhana inaanza.

Waziri akajitupa mbele. "Bwana, huyu amevunja amri zote mbili! Amekuamsha, na mimi amenikalisha tangu asubuhi!"

"Wasemaje, Shekue?"

"Bwana, ulikataza kuamshwa kwa jambo. Mimi nimekuamsha kwa mambo. La pili amelileta waziri mwenyewe, Mungu amlipe. Tena ukaamuru kila jambo lifike kwa wakati wake. Wakati wa jambo, bwana, hukusema wakati wa mwenye jambo. Nikayauliza mambo yenyewe, nayo yote yakaniambia hayana haraka, isipokuwa shingo."

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea. Akaamuru mabawabu wawili wale watolewe gerezani, kisha akasema, "Omba utakalo, Shekue."

"Nina jambo moja, bwana. Sijala tangu jana, na hili nimelipima sana, nikaona haliwezi kungoja."

Pakatandikwa mkeka, sinia la wali likaletwa, Sultani akaketi chini pamoja na Shekue, na Mshamu na mkewe. Watumishi wote walikuwa jikoni wakimchoma mbuzi, ikawa hapana wa kuwanawisha wageni mikono. Sultani akatazama huku na huku, akamwona mtu mmoja tu asiye na kazi. Basi aliyekula alishiba, na Waziri Mansabu akalishika birika hata maji yakaisha.