Bi Sikitu Amsindikiza Chui

Paukwa!
— Pakawa!
Hao wa nyuma wamelala? Paukwa!
— Pakawaaa! Tupe, tunasikia!

Basi hapo kale, juu ya majabali, aliishi pimbi mmoja mjane, Bi Sikitu. Mdogo wa umbo, lakini mdomo! Alikuwa na watoto watatu: Kidawa, Machano na Pandu. Kiangazi kinakwisha, watoto wamekuwa wakubwa, na jabali halitoshi tena. Wakasema, "Mama, tunahamia mlima wa pili."

Bi Sikitu alifurahi, akaumia, akafurahi tena. Tatizo lilikuwa bondeni. Njia ni moja tu, na kando yake amelala Chui, mroho asiyeshiba.

Alfajiri akawaficha wanawe vichakani karibu na njia. "Majani yamekauka. Mkipita pamoja, atasikia. Kila nikipanda naye, apite mmoja."

Kisha akaenda kwa Chui. "Hodi, jirani! Wanangu wanahama leo. Njoo uwaage."

Chui akameza mate, gudu! "Wote watatu?"

"Wote, tena wamenona. Ila hawatoki ndani mpaka niwaite mimi."

Ndiyo maana Chui hakumla mama. Wakapanda, tapu, tapu, tapu. Huku nyuma Kidawa akapita, chapu!

Kufika juu, Bi Sikitu akachungulia pangoni. "Loo! Bado wanaoga. Rudi ukapumzike, nitakuja kukuita. Twende nikusindikize, kwetu mgeni haondoki peke yake."

Wakashuka, tapu, tapu, tapu. Kufika chini, Bi Sikitu akashika kiuno. "Na mimi nirudi peke yangu, mtu mzima kama mimi? Watu watasema Chui hana adabu!"

Chui hakutaka kusemwa. Wakapanda, tapu, tapu, tapu. Huku nyuma Machano akapita, chapu!

Kufika juu: "Loo! Sasa wanajipaka mafuta. Twende nikusindikize." Wakashuka, tapu, tapu, tapu.

Kufika chini: "Na mimi nirudi peke yangu?"

"Huo mchezo utaisha lini?" Chui akahema, haa, haa. Lakini aliwawazia wale watatu, wameoga, wamepakwa mafuta. Wakapanda, tapu... tapu... tapu...

Amebaki Pandu, kitindamimba, mzito wa miguu tangu utotoni. Mara nyuma, kwacha! Kijiti kimevunjika. Chui akasimama, masikio juu. Bi Sikitu alitamani ageuke amtazame mwanawe, japo mara moja tu. Hakugeuka.

"Jirani!" akapiga kelele. "Nasikia harufu ya mafuta, wamekwisha kuvaa! Wahi!"

Chui akatoka mbio mpaka juu, akaanguka mlangoni puu, ulimi nje. Bi Sikitu akapenya kwenye ufa mwembamba, akatokea juu ya jabali, akatazama ng'ambo. Kwenye mlima wa pili, juani, vitu vidogo vitatu vinatembea. Cha nyuma kinajikokota, lakini kinapanda.

Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. "Wale wanangu!" akapaza sauti. "Unawaona, Chui? Wamepita mlangoni kwako!"

Chui akaruka, akatia mkono ufani, krr krr. Hakufika.

"Wa mbele Kidawa, haogopi kitu. Wa kati Machano, jicho lake halikosei njia. Na yule wa nyuma, yule mzito, ni Pandu wangu! Alipokuwa na siku nane tu..."

Kwa kupanda na kushuka kule, miguu ya Chui ikafa ganzi, hawezi kuondoka. Akasikilizishwa Pandu alivyoota meno. Akasikilizishwa Machano alivyoanza kutembea. Jua likahama, Bi Sikitu hajafika hata kwenye habari za Kidawa. Chui akaziba masikio, akatambaa kwa tumbo mpaka bondeni, akahama siku hiyohiyo.

Basi funzo letu ni hili, mlishike: watoto wakae nyumbani kwa mama yao milele. Wakiondoka wakafanikiwa, majirani hawatapumua.

Hapo ndipo ilipokatika. Tamu mbaki nayo, chungu nirudishieni.

— Tumebaki nayo yote!