Runinga ya Mzee Kitwana

Mzee Kitwana, mwenye nyumba, aliishi ghorofani. Watoto wa Mwanahija, mpangaji wake wa chini, aliwafukuza kila walipokuja kuchungulia runinga. Siku alipotaka mpya, kubwa lakini ya bei nafuu, alimwomba Mwanahija amsindikize dukani akampatanie bei.

"Chukua ile inayojaza ukuta," Mwanahija alimshauri. "Bei imeshushwa, na mtu wa heshima yako hatazami kidude."

Kitwana akanunua. Walipoipandisha, ikakwama kwenye kona ya ngazi, wakairudisha nje, na duka halikupokea mali iliyouzwa.

"Itanyeshewa hapo nje, mzee. Iweke kwangu."

Jioni Kitwana alibisha hodi aje kutazama taarifa ya habari. Watoto wakamsogezea kigoda.

"Mlangoni kwako imepitaje?" aliuliza.

"Kwa nafasi ya vidole vinne," alijibu Mwanahija. "Nilipima kabla hatujaenda dukani. Ngazi pia."