Nyemo wa Nani?

Sogeeni karibu, na mwenye mtoto mgongoni amshushe anyonye, maana hadithi hii inataka masikio yote mawili. Leo nimekuja na watu watatu na jina moja. Lingekuwa ugali, tungekata mafungu na kila mtu akaondoka na tonge lake. Lakini jina halikatwi.

Huko Ugogo, katika kijiji cha Makulwe, kulikuwa na kikundi cha ngoma kilichoongozwa na mama mmoja, Sechelela. Mpigaji wa kikundi hicho haitwi kwa jina la baba yake. Anaitwa kwa jina la mtu aliyempa sauti. Kabla hajapiga, popote wanapoalikwa, ngoma za akina mama hulia kwanza zikamwita, fulani wa fulani, na watu wote wanaitikia jina hilo. Kwa hiyo aliyempa mtu sauti husikika hata mahali ambapo miguu yake haijafika, na huendelea kusikika hata akishazikwa. Ndiyo maana jina hilo si kitu kidogo.

Sasa watu wangu watatu. Wa kwanza ni Mazoya, aliyejaliwa mikono ya kuchonga. Angeweza kushika kipande cha mti kilichotupwa akakugeuzia kijiko au kigoda. Hakujaliwa mtoto.

Wa pili ni Chedego. Huyu alijaliwa vidole. Zamani, akipiga zeze, wachunga mbuzi walisahau mbuzi. Lakini siku moja alipanda mti kushusha mzinga wa nyuki, akaanguka, na mkono wake wa kushoto ukafa. Tangu hapo watu walimwita Mkono Mmoja, na watoto walimwita hivyo bila kujua kwamba ana jina lingine.

Wa tatu ni Matika, msichana mrefu, mwenye maneno makali kisimani. Naye alijaliwa kitu, ila alikuwa bado hajakijua.

Na katikati yao alikuwa Nyemo, mpwa wa Mazoya, aliyelelewa na bibi yake. Nyemo hakuwa na kipawa chochote ambacho mtu angekiona. Alikuwa na hamu tu. Hamu peke yake haipigi zeze, lakini inajua kupiga hodi kwenye milango ya watu.

Basi mpiga zeze wa kikundi aliolewa mbali, nafasi yake ikabaki wazi. Mama Sechelela akatangaza kwamba mtama ukishavunwa atafanya mchujo, na atachukua mtu mmoja. Nyemo aliposikia hakula siku hiyo. Alikuwa akiitaka nafasi ile tangu alipokuwa mdogo, lakini hata zeze la kujifunzia hakuwa nalo.

Mjomba Mazoya alimsikiliza, akasema atamchongea. Kibuyu alikuwa nacho. Ngozi ya kenge aliipata. Nyuzi alizichomoa kwenye breki za baiskeli mbovu. Kazi ilikuwa mti wa shingo. Mti mbichi ukiuchonga leo, jua likiupiga unapinda, na zeze lililopinda shingo halisemi kweli. Mazoya alikagua miti ya zizi, yote imeliwa na mchwa. Akakagua ya jikoni, imepasuka. Mwisho akaingia chumbani, akasimama akitazama kitanda alichorithi kwa baba yake. Mfumbati wake, ule mti mrefu wa ubavuni, ulikuwa mkavu na umenyooka kama neno la mtu mkweli.

Akaung'oa.

Mkewe alipokuta kitanda kimelala chini upande mmoja, alisema hana neno, ila siku atakayomwona Mazoya anaanza kuutazama mlango, yeye atarudi kwao. Kisha akatandika ngozi sakafuni, wakalala hapo. Nyemo hakuambiwa chochote. Alipewa zeze likiwa limefungwa kwenye kanga, akaruka nalo hadi nyumbani. Alijua habari ya kitanda baadaye sana, siku alipotumwa kumpelekea mke wa mjomba chumvi, akaona ngozi imetandikwa chini. Alirudi njiani polepole, na siku hiyo alilishika zeze kama anayeshika yai.

Lakini kuwa na zeze si kulijua. Nyemo alilikwaruza hadi kuku wakahama uani, na bibi yake, aliyempenda kuliko macho yake, akamwomba akajifunzie ng'ambo ya korongo. Ndipo Nyemo alipopiga hodi kwa Chedego.

Chedego alikataa. Alisema zeze na yeye walikwisha kuachana, na asingependa kukutanishwa. Watu walijua kwamba hata ngoma ikipita barabarani, Chedego huchukua jembe akaenda shamba la mbali. Nyemo hakubishana. Kesho yake asubuhi alikaa nje ya ua wa Chedego akaanza kukwaruza, na kesho yake tena. Mwishowe Chedego akatoka, uso umekunjamana kama mtu anayeumwa jino.

"Binti, hilo zeze unalipiga au unalichinja?"

"Nalichinja, babu," Nyemo akasema. "Anayejua kulipiga amekataa kunionyesha."

Chedego alitazama mkono wake wa kushoto uliokuwa ukining'inia. Kisha akakaa karibu na Nyemo, akachukua uta, upinde unaosuguliwa kwenye nyuzi, kwa mkono wa kulia. Akamwambia Nyemo abonyeze nyuzi kwa mkono wake wa kushoto na asivute kitu. Wakapiga hivyo, watu wawili zeze moja, mmoja akivuta na mwingine akibonyeza. Nyemo akikosea nyuzi, Chedego alisimamisha uta, wakaanza upya. Wanawake waliokwenda kuchota maji walisimama na ndoo kichwani wakitazama. Mke wa Chedego alitoka jikoni na mwiko mkononi akabaki mlangoni, kwa sababu mumewe alikuwa akiimba chini kwa chini, na wimbo kutoka kwa mume wake hakuwa ameusikia tangu siku ya mzinga.

Walifanya hivyo msimu mzima. Asubuhi moja, katikati ya wimbo, Chedego akaupitisha uta taratibu kwenye mkono wa Nyemo, na wimbo haukukatika. Nyemo alikuja kugundua mwishoni kwamba anapiga peke yake. Alipogeuka, Chedego alikuwa amempa mgongo, anajifuta uso kwa bega.

Mtama ukavunwa. Siku ya mchujo ikafika.

Sasa, katika nyumba ya bibi yake Nyemo kulikuwa na desturi. Mtu anayeondoka kwenda kutafuta heri hupakwa samli usoni na mikononi, ili mambo yamlainikie. Bibi aliamka mapema akampaka mjukuu wake. Kisha Nyemo alipokwenda kuchana nywele, bibi akalifungua zeze kwenye kanga yake, maana aliona nalo linasafiri. Akalipaka samli shingoni, akalipaka tumboni likang'aa, akaupaka na uta, nyuzi zake zote za katani tangu ncha hadi ncha, bila kubakiza. Akalifunga tena, moyo wake umetulia.

Wanaojua zeze wameshaguna. Uta huimba kwa sababu katani yake imesuguliwa utomvu mkavu wa mti, ikikwaruzana na waya ndipo sauti inatoka. Ukiupaka mafuta umeuziba mdomo.

Kwenye uwanja wa Makulwe watu walijaa. Mama Sechelela aliwaamkia, mbukwenyi, wakaitikia, akawaita wapigaji mmoja mmoja. Matika, naye aliyekuwa akiitaka nafasi ile, alipiga na watu wakapiga makofi ya kweli, si ya adabu. Kila mtu alisema amekwisha kuipata nafasi, labda huyo wa mwisho afanye maajabu. Wa mwisho alikuwa Nyemo.

Nyemo alikwenda pembeni kufungua kanga. Harufu ya samli ikamfikia kabla ya macho kuona. Akajaribu uta. Ukateleza kama mlenda kooni, kimya kabisa. Akaufuta kwa kanga, akausugua kwa mchanga, mchanga ukaganda kwenye mafuta, ikawa mbaya zaidi. Akamtazama bibi yake aliyekuwa amekaa mbele kabisa, ameinua kidevu, anawaonyesha jirani zake wapi mjukuu atasimama. Nyemo hakuweza kumwendea. Angemwambia nini?

Matika alikuwa karibu, amelishika zeze lake mapajani. Akanusa.

"Mwenzangu, umekuja kupiga zeze au kukaanga maandazi?"

Matika akauona uta, akayaona machozi, akafuata macho ya Nyemo hadi kwa bibi kizee yule aliyekuwa akitabasamu. Wasichana hawa wawili hawakuwa marafiki. Na Matika alijua, kama nyinyi mnavyojua, kwamba Nyemo akisimama pale na uta bubu, nafasi ni ya Matika. Hakutakiwa kufanya ubaya wowote ili aipate. Alitakiwa kukaa tu.

Mama Sechelela akaita jina la Nyemo. Akaita tena.

Matika akachukua uta wake mwenyewe akamwekea Nyemo mkononi.

"Kapige," akasema. "Nikishinda kwa samli ya bibi yako, nitakuwa nimeshinda nini?"

Nyemo akapiga.

Jamani, ningekuwa na zeze ningewaonyesha. Alianza chini, kama mama anayembembeleza mtoto mwenye homa, kisha akapanda. Watoto waliokuwa wakilia walinyamaza, na waliokuwa kimya wakaanza kucheza. Mzee mmoja aliyekuja na mkongojo aliusahau chini. Mazoya alimgusa jirani yake, akamwambia asikilize vizuri, huo unaosema ni mfumbati wake. Chedego, ambaye asubuhi alikuwa amesema haji, alikuwa amesimama nyuma ya watu wote. Akasogea, akasogea, mkono wake wa kulia unavuta uta hewani. Matika alianza kupiga makofi kabla wimbo haujaisha. Akina mama wa kikundi hawakungoja ruhusa, wakazibana ngoma zao kati ya mapaja wakamwitikia Nyemo, na Mama Sechelela, ambaye hajawahi kusimama kwa ajili ya mtu yeyote katika mchujo, aliinuka kwenye kigoda chake akacheza. Na bibi alimwambia kila aliyekuwa jirani yake kwamba hiyo ni samli.

Nyemo hakumsahihisha, siku hiyo wala nyingine.

Mama Sechelela akamshika mkono, akamwambia nafasi ni yake. Vigelegele vikapasua uwanja. Viliposhuka, akamwuliza swali ambalo kila mpigaji wa Makulwe ameulizwa.

"Sauti yako ni ya nani?"

Nyemo akasema ni ya watu watatu, akawataja, na akaeleza kila mmoja alichofanya. Habari ya uta aliieleza kwa akili. Alisema wake uliharibika, hakusema nani aliyeuharibu.

Mama Sechelela alisikiliza yote, kisha akatikisa kichwa. "Mwanangu, ngoma haiwezi kuita ukoo mzima. Nipe jina moja."

Hapo uwanja ukawa soko. Upande huu walisema sauti ni ya Mazoya, maana zeze ndilo lililolia, na zeze ni kitanda chake. Mikono inaweza kufundishwa na mwingine, na uta unaweza kuazimwa, lakini pasipo zeze Nyemo angebaki na hamu yake. Upande ule wakasema huo ni upuuzi, zeze bila anayelijua ni kibuyu chenye waya, na si wote walilisikia lilipokuwa likifukuza kuku? Sauti ni ya Chedego. Akina mama wa ngoma wakasema wao wana masikio. Sauti iliyosikika leo imetoka kwenye uta wa Matika, la sivyo wangekuwa wamesikia ukimya. Mazoya alimpa mpwa wake, Chedego alimpa mwanafunzi wake, lakini Matika alimpa aliyekuwa anashindana naye. Mtu mmoja akajibu kwamba Matika alitoa kwa muda wa wimbo mmoja tu, na wenziwe walitoa msimu mzima. Akaulizwa kama yeye, huo wimbo mmoja, angeutoa. Akakohoa.

Mama Sechelela akawauliza wenyewe.

Mazoya akasema, "Mimi sina mtoto. Nikisema silitaki jina hilo nitakuwa mwongo."

Chedego akasema, "Miaka yote naitwa Mkono Mmoja. Ningependa kusikia ngoma ikiniita Chedego."

Matika aliupokea uta wake kutoka kwa Nyemo, akaanza kuufunga pamoja na zeze lake, kwa sababu yeye safari yake na kikundi ilikuwa imeishia hapo, na kama jina lake halitakwenda na ngoma hizo, basi hakuna chake kitakachokwenda.

Mama Sechelela akainua mkono. Akina mama wakaanza kupiga ule mdundo wa kuita jina. Nyemo wa... Nyemo wa... Watu wote wamevuta pumzi ili waitikie. Nyemo amemtazama mjomba wake, amemtazama mwalimu wake, amemtazama Matika. Amefungua mdomo.

Mdundo haujakatika, nanyi mmekaa nao hapo uwanjani. Je, wewe ungeamua vipi? Tafadhali, usinitajie majina yote matatu. Mama Sechelela amekwisha kukataa.