Mkate wa Marehemu na Kidole cha Mama Eufrasia

Jumatatu, tarehe sita Novemba. Ukungu ulikuwa umeishukia milima ya Puebla, nchini Mexico, tangu alfajiri, na manyunyu hayakukoma. Katika zahanati ya kijiji, wagonjwa wa kisukari walikaa kwenye mabenchi wamejifunika mitandio, wametulia kama maji mtungini.

Muuguzi Obdulia Zenteno alikuwa amekwisha kukereka. Alikabidhiwa maswali ya kupima jinsi wagonjwa wanavyojitunza, yaliyotungwa kwa Kiingereza kisha yakafasiriwa kwa Kihispania, ayarekebishe yawafae watu wa kwao. Haikuwa kazi ya mchezo. Daktari alifika mara moja tu kwa juma, kila Jumatatu, na majibu hayo ndiyo yaliyoamua nani amwone.

Kila aliyeulizwa ni siku ngapi kati ya saba alifuata maagizo ya chakula, alijibu kwamba zote. Kila aliyepimwa damu, sukari ilikuwa imepaa. Obdulia alimwomba Mungu subira, akaipata, ikamwishia, akaomba tena.

Zamu ikamfikia Mama Eufrasia, mjane aliyeingia akichechemea ndani ya soksi nene. Naye akajibu zote saba. Miguu ilikuwa mizima, akasema, ni baridi tu inayomsumbua. Kwa majibu hayo alipaswa kurudi nyumbani.

"Mama, juma lililopita tulikuwa na sikukuu ya marehemu," alisema Obdulia. "Mkate mtamu uliowawekea marehemu mezani waje wale usiku, umeliwa na nani?"

"Na mimi. Lakini huo hauhesabiwi, mwanangu. Mume wangu alikuja usiku akala utamu wote. Mimi nimekula makapi."

"Makapi yaliyomwagiwa sukari juu?"

"Sasa ulitaka nimtupie mbwa mkate wa mume wangu?"

Benchi zima likaafiki. Obdulia akashusha pumzi ndefu. Kumbe kuhusu chakula hawakumdanganya; swali ndilo lililopita kando ya mlango wao. Akalifuta, akauliza upya kwa sauti: marehemu walipokwisha kula, walio hai walimaliza mikate mingapi? Kicheko kikazuka, na ndimi zikafunguka. Crisanta, jirani yake Mama Eufrasia, alikiri mitano, kisha akamgeukia mwenzake.

"Na wewe, jirani, sema na la kidole. Au nacho marehemu amekila?"

Mama Eufrasia alimkata jicho. Kisha akainama na kuvua soksi. Kidole gumba kilikuwa cheusi kama mkaa, kikitoa usaha. Alikuwa amekificha tangu kabla ya sikukuu, kwa kuwa kaka yake aliingia hospitali na miguu miwili akatoka na mmoja.

Obdulia alitaka kumgombeza, lakini machozi ya hasira yalimtangulia. Daktari alipouchunguza mguu, hakupindisha maneno: kidole kimekwenda, ila mguu ungeokolewa akipelekwa hospitali leo. Angekaa juma moja zaidi, wangekuwa wanazungumzia jeneza.

Mama Eufrasia alifanya ishara ya msalaba, akawatazama wote waliokaa mabenchini.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu," alisema, "naenda leo. Na nikirudi, kila asubuhi mkwe wangu ataitazama miguu yangu, hata nikiona haya. Nimeahidi. Sasa nimejua kwamba mficha maradhi kifo humuumbua."